Pua Haitaki Kuingia Kona

"Fundi, hili gari linaenda nje." Ndivyo alivyonisalimia mteja mmoja mwezi uliopita, hata funguo hajanikabidhi. Toyota 86 nyeupe, imeshushwa hadi kidole hakipiti kati ya tairi na fenda. Nyuma amevalisha matairi mapana ya 245, mbele yamebaki yale yale ya 215. Mahali fulani alikuwa ameshashauriwa anunue nondo nene ya stabilaiza ya mbele, ile inayozuia bodi lisilale kwenye kona. Nikamwambia, "Bosi, hiyo hela kaa nayo kwanza. Nionyeshe linaendaje nje."

Kazi yangu ni suspensheni na alaimenti, na lalamiko hili nalisikia sana kwa wenye magari ya spoti yanayosukumwa na matairi ya nyuma. Mtu ananunua 86, Altezza au MX-5 akitarajia mkia utelezeteleze kama kwenye video. Siku anaingia kona kwa kasi, mkia umetulia tuli, pua ndiyo inayoelekea mtaroni. Anaona ameuziwa gari bovu.

Hiyo ndiyo andasitia. Matairi ya mbele yameishiwa mshiko kabla ya ya nyuma, kwa hiyo gari linakata kona kidogo kuliko ulivyokunja stelingi. Viwanda vinapenda iwe hivyo, na mimi siwalaumu. Dereva wa kawaida akishtuka huachia mafuta. Uzito unahamia mbele, pua inashika tena, anafika nyumbani. Mkia ukitangulia kuchomoka, dereva huyo huyo akiachia mafuta atazunguka kama pia.

Kwamba haya ni maamuzi ya watu, tazama 86 na pacha wake Subaru BRZ. Zote zilitoka 2012, kiwanda kimoja cha Subaru huko Gunma, Japani, injini ile ile ya lita 2, uzito wa kilo 1,240 hivi ambao asilimia 53 umekaa mbele. Subaru wakaweka springi ngumu zaidi mbele, Toyota wakalegeza mbele na kukaza nyuma. Matokeo yake BRZ ya mwanzo ina pua nzito kidogo kwenye kona na 86 ina mkia mwepesi. Suspensheni tu.

Sasa turudi kwa bosi wangu. Swali la kwanza ninalomuuliza kila mtu: pua inatoka ukiwa wapi kwenye kona? Unapoingia ukiwa bado kwenye breki? Katikati, mguu umetulia? Au unapotoka, unapokanyaga mafuta? Akanijibu, "Kote tu." Karibu wote hujibu hivyo, na karibu wote si kweli.

Jumapili tukaenda kwenye uwanja wa lami wa ghala la rafiki yangu, ambapo siku hiyo hakuna gari wala mtu. (Tafadhali, usiende kujaribu haya kona za mlima Kitonga kule Iringa. Pale kuna malori, na malori hayana habari na andasitia yako.) Tukafunga kamba ya mita 15, tukachora duara kwa chaki. Unazunguka duara hilo kwa mwendo usiobadilika, unaongeza polepole hadi pua ianze kutoka kwenye mstari. Uzuri wake ni kwamba hakuna kufunga breki wala kukanyaga mafuta kwa nguvu, kwa hiyo makosa mengi ya dereva yanatoka kwenye hesabu. Kinachobaki ni kosa la gari.

Kabla hajaanza nikapaka chaki pia kwenye mabega ya matairi ya mbele, kutoka kwenye kashata (sehemu inayogusa barabara) hadi ubavuni. Matairi mengi yana alama ndogo ya pembetatu pale begani. Huo ndio mpaka wangu. Chaki ikifutika hadi karibu na alama, sawa. Ikifutika na kushuka ubavuni, tairi linalala na kutembelea ubavu.

Pua ilianza kutoka kwenye kilomita 38 kwa saa. Nikainama kwenye tairi la nje: chaki ilikuwa imefutika vidole viwili chini ya pembetatu. Nikapitisha kiganja juu ya kashata. Upande wa ndani mpya kabisa, upande wa nje umelika hadi umekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Hapo gari lilikuwa limeshaeleza shida yake.

Shida ni kempa, yaani tairi linavyoinama ukilitazama kwa mbele. Gari likilala kwenye kona, tairi la nje linainama nalo kuelekea nje, linabaki limesimama kwa bega moja. Ili lilale chapa barabarani wakati wa kona, inabidi likae limeingia ndani kidogo juu wakati gari limesimama. 86 inatumia shokapu za MacPherson mbele, mfumo ambao hauisaidii sana kempa gari linapolala, na kiwandani haikupewa marekebisho ya kempa ya mbele. Ya huyu bosi ilisoma karibu na sifuri.

Halafu kuna springi zilizokatwa. Watu wanadhani kushusha gari ni faida tupu kwa sababu kitovu cha uzito kinasogea chini. Kwa MacPherson, ukishusha kupita kiasi, amu ya chini (mkono unaoshika tairi) inainuka upande wa tairi, na kuanzia hapo kila gari linavyozama tairi linazidi kupoteza kempa badala ya kuipata. Tena ile nukta ambayo bodi linalalia inashuka haraka kuliko kitovu cha uzito chenyewe, kwa hiyo gari lililoshushwa linaweza kutamani kulala zaidi. Ukiongeza upepo wa psi 42 ambao kijana wa sheli alijaza "ili ziwe ngumu", unapata tairi lililovimba katikati na kusimama kwa bega.

Na ile nondo ya stabilaiza ya mbele? Ingemharibia zaidi. Tairi ni kama mchukuzi: mbebeshe gunia moja, anakimbia, mwongezee la pili, hakimbii mara mbili. Mshiko unaongezeka uzito ukiongezeka, lakini si kwa kiwango kile kile. Kwenye kona uzito unahama kutoka tairi la ndani kwenda la nje, na stabilaiza ngumu ya mbele inafanya sehemu kubwa zaidi ya uhamaji huo itokee mbele. Tairi la nje la mbele linabebeshwa magunia mawili, la ndani linapunga upepo. Anayetaka pua iingie hukaza nyuma au hulegeza mbele. Ni kweli kuna magari ambayo kukaza mbele kumesaidia kwa kuzuia bodi lisilale na kuua kempa, lakini huko unafika baada ya kurekebisha kempa yenyewe.

Matairi ya nyuma ya 245 sina la kusema sana. Ukiipa nyuma mshiko zaidi na mbele ukaacha vile vile, umenunua andasitia kwa pesa zako.

Tulirudisha springi za asili, tukaweka boliti za kempa kwenye kiungo cha shokapu, tukapata nyuzi 1.5 za kuingia ndani kila upande, tukapima upya tou, yaani tairi linavyoelekea ukilitazama kwa juu (ukigusa kempa, tou lazima ibadilike), na upepo tukafuata kibandiko cha mlangoni. Kwenye duara akafika kilomita 41. Usicheke. Nguvu ya kona inakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo 38 hadi 41 ni ongezeko la karibu asilimia 16.

Kisha nikakaa naye ndani, na hapo nikaiona nusu ya pili ya shida. Alikuwa anaingia kona akiwa bado amekanyaga breki kwa nguvu, anakunja stelingi kwa mkupuo. Tairi lina mshiko mmoja. Ukiutumia wote kusimamisha gari, hakuna unaobaki wa kukata kona. Pua ikitoka, anakunja zaidi. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Tairi likishapita pembe ambayo linashika vizuri zaidi, kukunja zaidi kunapunguza mshiko na kuchoma mpira. Utaisikia stelingi yenyewe: inakuwa nyepesi ghafla, kama imekatika. Hapo kunjua kidogo, hata vidole vitatu tu, punguza mafuta taratibu, subiri pua ishike, ndipo ukunje tena. Nimesema taratibu. Ukinyanyua mguu wote kwa pupa katikati ya kona, uzito unaruka mbele na mkia unaweza kukupita. VSC, mfumo wa kompyuta unaotuliza gari, itakusaidia kwa kugusa breki ya tairi la nyuma la ndani ili kuivuta pua, lakini haiwezi kukupa mshiko ambao haupo barabarani.

Wakati wa kuingia ni vizuri breki uiachie polepole kadiri unavyokunja, si kuiachia yote kabla, ili pua ibaki imebanwa chini. Wakati wa kutoka ni kinyume: ukikanyaga mafuta mapema, uzito unakwenda nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na difu ya Torsen (ile isiyoacha tairi moja lizunguke bure) inayapa matairi yote mawili ya nyuma kazi ya kusukuma gari mbele moja kwa moja. Wengi hapo wanasubiri mkia, wanapata pua. Subiri hadi uanze kukunjua stelingi, ndipo uongeze mafuta.

Bosi ilimchukua kama mizunguko ishirini kuacha kukunja zaidi. Mkono una mazoea yake. Jumamosi anarudi kufunga 215 nyuma, na yale matairi ya 245 anayauza, yametembea miezi miwili tu.