Tulia, Texas: neno la askari mmoja

Nikifika kwenye mada ya shahidi mmoja, wanafunzi wangu wa sheria ya ushahidi huwa nawapa kesi za Tulia. Ni mji wa wakulima kaskazini mwa Texas, Marekani, wenye watu kama 5,000, Weusi wakiwa wachache. Alfajiri ya Julai 23, 1999 polisi waliingia majumbani kukamata watu kwa tuhuma za kuuza kokeni. Orodha ilikuwa na majina 46, karibu 40 ya Weusi. Msako haukukuta dawa, fedha nyingi wala silaha.

Kesi zote zilimtegemea Tom Coleman, askari kanzu aliyefanya kazi peke yake miezi 18. Hakurekodi sauti wala picha, na mambo mengine alidai aliyaandika mguuni. Katikati ya operesheni alikamatwa yeye mwenyewe kwa hati ya wizi iliyotoka wilaya nyingine, kisha akarudishwa kazini! Mfugaji mmoja wa nguruwe alifungwa miaka 90. Walioona hukumu za mwanzo, wengi wakakiri kosa ili wapunguziwe.

Wengi hutafuta ubaguzi kwenye matusi, nayo yalikuwepo. Mimi huangalia neno la nani linaaminiwa bila kuungwa mkono, na la nani linadaiwa karatasi. Mwanamke mmoja aliokolewa na rekodi ya benki: siku aliyodaiwa kuuza, alikuwa Oklahoma City. Mwanamume mwingine aliokolewa na kadi ya saa za kazi, na bosi wake akamtetea. Anayeishi kwa vibarua hana kadi wala akaunti. Akiulizwa alikuwa wapi, anabaki na mkewe na jirani zake, ambao mwendesha mashtaka atasema ni watu wake.

Mwaka 2003 Gavana Rick Perry aliwasamehe 35. Coleman alitiwa hatiani mwaka 2005 kwa kusema uongo chini ya kiapo, akapewa miaka 10 ya uangalizi, bila kifungo.

Wanafunzi hufurahi wakisikia kwamba mwaka 2001 Texas ilitunga sheria inayotaka neno la mpelelezi wa siri katika kesi za dawa za kulevya liungwe mkono na ushahidi mwingine. Kisha tunasoma kifungu chenyewe. Kinamhusu mpelelezi asiye askari mwenye leseni. Coleman leseni alikuwa nayo.