Kwa nini kozi "inayolipa" huacha kulipa ukishahitimu?

Mtoto wa dada yangu amemaliza kidato cha sita, tahasusi ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Jioni moja hapa Uyole, Mbeya, alinisogezea simu yenye orodha ndefu ya kozi. "Shikamoo mjomba. Hebu nisaidie, katika hizi ipi inalipa?"

Nikamwambia kwanza atazame barabarani, ambako vijana walikuwa wanapakia viazi mviringo kwenye lori, magunia ya lumbesa yamefungwa kamba mpaka yamevimba vichwa. Gunia likipata bei nzuri, kuanzia Umalila hadi Njombe kila mwenye shamba anaongeza eneo. Miezi mitatu au minne baadaye wanavuna wote kwa pamoja, bei inaporomoka. Msimu unaofuata wengi wanapunguza, viazi vinaadimika, bei inapanda tena. Mkulima hupanda kwa bei ya leo na kuuza kwa bei ya siku ya mavuno.

Kozi nayo ndivyo ilivyo, ila mavuno yake yako mbali zaidi. Shahada nyingi ni miaka mitatu, uhandisi minne, udaktari mitano na mwaka wa mazoezi hospitalini. Afadhali tuifananishe na parachichi la Rungwe: hata mche wa kubebeshwa unakusubirisha kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa, na wakati huo wote huoni vizuri majirani wamepanda mingapi.

Wachumi huuita mzunguko huu utando wa buibui, jina lililotumiwa na Nicholas Kaldor mwaka 1934, kwa sababu bei na mavuno vikichorwa kwenye grafu mistari inazunguka kama utando. Mwaka 1976 Mmarekani Richard Freeman aliukuta kwa wahandisi wapya: mishahara mizuri ya kuanzia ilivuta vijana wengi vyuoni, na walipohitimu kwa wingi wakaishusha wenyewe.

Huku kwetu tumeuona kwenye ualimu. Shule za kata zilipoenea kuanzia katikati ya miaka ya 2000, walimu walihitajika mno. Mwaka 2005 Mkwawa, pale Iringa, ikafanywa chuo kikuu kishiriki cha elimu. Waliohitimu mapema walikuwa wakipangiwa vituo moja kwa moja. Wadogo zao wakaona, wakafuata njia ileile. Leo mwalimu mpya anaomba ajira kwa mfumo wa mtandaoni, anaitwa kwenye usaili, na wa masomo ya sanaa hujikuta kwenye foleni ndefu kuliko wa fizikia au hisabati.

Hapa kuna jambo linalowaumiza vijana wengi, nami linaniuma kuliko yote. Uhitaji na ajira ni vitu viwili. Darasa linaweza kufurika watoto na mwalimu asiajiriwe, kwa kuwa mnunuzi mkubwa wa kazi yake ni mmoja, serikali, nayo huajiri kwa kibali na bajeti. Mnunuzi huyo akisimama, soko zima linasimama. Fundi umeme ana viwanda, migodi, hoteli na nyumba za watu. Mmoja akifunga, anabisha hodi kwa mwingine. Kwa hiyo ukitaja mshahara wa kozi, taja pia ni wangapi wanaoulipa.

Na mshahara wenyewe usiutazame mzima. Aliyesoma kwa mkopo, tangu sheria irekebishwe mwaka 2016, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe.

Mpwa wangu alikuwa ameuliza watu wawili, wote wameajiriwa zaidi ya miaka kumi. Hao wanajua bei ya msimu wao. Nikamwomba atafute waliohitimu mwaka jana kozi anazozitaka, aulize wenzao wangapi wamepata kazi na kwa nani, kisha ahesabu vyuo vilivyoanzisha kozi hiyo hivi karibuni.

Jana usiku ameniletea daftari lenye namba tatu za simu. Ya kwanza tunaipigia leo jioni.