Kufuta picha hakuipi kompyuta kasi

Kompyuta ya nyumbani ikianza kujivuta, wengi hukimbilia kufuta picha, nyimbo na video za familia. Inauma kuona kumbukumbu za watu zikipotea bure, kwa sababu faili lililotulia kwenye diski halifanyi kazi yoyote. Halitumii prosesa, yaani chipu inayotekeleza kazi za kompyuta, wala haliingii kwenye RAM, sehemu inayoshika kwa muda data ya programu zilizo wazi, mpaka lifunguliwe.

Kufuta husaidia pale tu diski inapokaribia kujaa, maana Windows huhitaji nafasi ya masasisho na ya kuweka kwa muda data iliyokosa nafasi kwenye RAM. Kama bado una makumi ya gigabaiti wazi, ziache picha zako.

Tafuta chanzo chenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kufungua Task Manager, uone ni programu zipi zinazokula prosesa, RAM na diski. Mara nyingi ni zile zinazojifungua zenyewe kompyuta inapowaka. Zizuie usizozihitaji, ila antivairasi usiiguse.

Je, diski inabaki kwenye asilimia 100 hata ukiwa hufanyi kitu? Katika kompyuta ya zamani, huenda ni diski ya HDD. Sahani zake kwa kawaida huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa chake hulazimika kusogea kufuata kila kipande cha data. SSD, diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina sehemu inayosogea, na kwangu mimi kuiweka badala ya HDD ndilo badiliko la kwanza kufikiria kabla ya kununua kompyuta mpya. Nakili faili zako kwanza.