Hita ya gesi haiwaki? Usikimbilie kubadili mtungi

Kuna wanaoniuliza, Mtwara na joto hili, hita ya maji ya nini? Waulize wenye gesti, au nyumba yenye mzazi anayekandwa asubuhi na jioni. Hita ndogo za gesi za ukutani zimeshaingia mjini, na zikigoma kuwaka maneno huwa yale yale.

La kwanza ni "gesi imeisha". Mara nyingi si kweli. Hita ya aina hii haianzi na gesi, inaanza na maji. Maji yakipita kwa nguvu ya kutosha yanasukuma kiwambo cha mpira, kiwambo kinabonyeza swichi, ndipo cheche zinalia tik-tik-tik na vali ya gesi inafunguka. Basi fungua bomba usikilize. Ikiwa kimya kabisa, kagua betri (hutumia mbili kubwa za volti 1.5, kama za redio), kisha maji. Kila mita 10 za kimo hutoa baa 1 ya presha, kwa hiyo simtanki lililo mita 3 juu ya hita linakupa baa 0.3 tu. Hapo chujio likiziba kidogo, mchezo umekwisha. Gesti moja pale Shangani walibadili mitungi miwili kabla sijaitwa. Nilifungua chujio dogo pale maji yanapoingilia, nikamwaga mchanga, hita ikawaka.

Cheche zikilia bila moto, hapo sasa shuku gesi: vali ya mtungi haijafunguliwa vizuri, au mpira una hewa baada ya kubadili mtungi. Moto ukiwaka na kuzima baada ya sekunde chache, tazama kijiti kinachohisi moto. Kikishika masizi au kutu, na chumvi ya bahari yetu haina huruma, hita inadhani moto haupo na inakata gesi. Funga gesi, kisugue taratibu kwa msasa laini.

"Moto wa njano ndio wenye nguvu." Hapana, huo unakosa hewa. Vumbi na utando wa buibui huziba njia za hewa za bana (sehemu gesi inapowakia), masizi yanajaa, na inatoka kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na inaua. Harufu unayoijua ya gesi imewekwa makusudi kwenye gesi ili ikivuja ujue. Kaboni monoksidi haina msaada huo. Ndiyo maana sifungi hita bafuni, hata mwenye nyumba akinuna.

Halafu kuna "gesi ni gesi". Kwa mtu wa Mtwara kosa hili linaeleweka, maana gesi iligunduliwa Mnazi Bay tangu 1982. Ila mtungi ulioko jikoni kwako haukujazwa huko. Gesi yake ni propani na butani zilizoagizwa nje, nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Ya Mnazi Bay karibu yote ni methani, nyepesi, hupanda juu. Tundu la nozeli, pale gesi inapotokea kwenda kwenye moto, linalofaa moja halifai nyingine: hita ya mtungi ukiiunga kwenye bomba la methani moto unakuwa dhaifu, ukigeuza, unatoka moto mrefu wa masizi.

Na wanaolaza mtungi "gesi itoke yote" wanaingiza gesi ya majimaji kwenye regyuleta. Mtungi usimame. Ukishuku unavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio utazame mapovu. Kiberiti kiache mfukoni.