Alan Brooke, afisa wa mizinga aliyekuwa mkubwa wa Montgomery

Dhana: Jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili lilikuwa chini ya Montgomery.
Jenerali Bernard Montgomery aliongoza vikosi vya uwanjani. Aliyekaa juu yake ni Alan Brooke, Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu kuanzia Desemba 1941 hadi 1946. Kazi yake ilikuwa London, kati ya ramani, mafaili na vikao visivyokwisha, na mtu wa vikao hapigwi picha juu ya kifaru.

Dhana: Watu wa mizinga hukaa nyuma wakifyatua tu, ni vigumu kufika kileleni.
Brooke aliingia Royal Artillery, kikosi cha mizinga cha Uingereza, mwaka 1902, akatumikia Ireland na India. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, kwenye mapigano ya Somme huko Ufaransa, alikuwa akipanga mizinga ya Divisheni ya 18. Mizinga ilimwaga makombora kwa mstari mmoja mbele ya askari wa miguu, kisha mstari ule ukasogezwa mbele kwa saa iliyopangwa, askari wakiufuata kwa karibu. Adui akichomoza kutoka handakini, anakuta wameshamfikia. Huko Vimy, pia Ufaransa, Aprili 1917, mstari ulisogea takribani yadi 100 kila dakika 3. Ukikimbia mno, askari wanaachwa mbele ya bunduki za rashasha. Ukichelewa, unawaua wa kwako. Juu ya hapo kuna upepo, baridi inayobadilisha nguvu ya baruti, na mtutu uliochakaa usiorusha mbali kama ulipokuwa mpya. Mtu aliyezoea hesabu hizo hashtuki akikabidhiwa mipango ya vita ya dunia nzima.

Dhana: Mbinu hiyo aliibuni yeye.
Sifa hii amepewa bure. Yeye aliichukua kwa Wafaransa, na maafisa wengine wa Uingereza nao walikuwa wakiijaribu. Wazazi wake walitoka Ireland ya kaskazini, lakini alizaliwa na kukulia Ufaransa, akizungumza Kifaransa tangu utotoni, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani kuelewana na wapiga mizinga wa huko. Hata Vimy hakuwa peke yake: kuzima mizinga ya Wajerumani ilikuwa kazi ya Mkanada, Andrew McNaughton.

Dhana: Alikuwa mtu wa "ndiyo mzee" kwa Churchill, waziri mkuu wa Uingereza.
Kinyume kabisa. Juni 1940 alibishana naye kwa simu akiwa Ufaransa, mpaka Churchill akakubali askari wa Uingereza waliobaki huko waondolewe. Agosti 1942 alipewa nafasi ya kuongoza Mashariki ya Kati akaikataa, maana aliona akiondoka hakuna wa kumzuia waziri mkuu na mipango yake ya ghafla. Mwaka uliofuata, huko Quebec, Kanada, Churchill alimwambia kwamba uongozi wa majeshi ya kuivamia Ufaransa iliyoshikwa na Wajerumani, aliokuwa amemwahidi, ungekwenda kwa Mmarekani. Shajara yake haifichi jinsi lilivyomuuma. Januari 1944 akawa fildimashali, cheo cha juu kabisa jeshini.

Dhana: Fildimashali akistaafu anakula kuku kwa mrija.
Brooke aliuza nyumba yake akahamia kibanda cha mtunza bustani. Alikuwa mpenzi mkubwa wa kutazama ndege wa porini, lakini hata vitabu vyake vya thamani vya John Gould, vyenye michoro ya ndege hao, alilazimika kuviuza.