Slaidi katika somo la Kiswahili: ni kitu gani, na inafaa wapi

Slaidi ni ukurasa mmoja unaotoshea skrini, unaorushwa ukutani kwa projekta, na kupisha mwingine mwalimu anapobonyeza kitufe. Slaidi zikipangwa kwa mfuatano tunapata wasilisho. Walimu wengi huliita wasilisho lolote PowerPoint, hata lililotengenezwa kwa programu nyingine, kama vile sabuni yoyote ya unga dukani inavyoitwa Omo.

Neno lenyewe ni kongwe kuliko kompyuta za mezani. Kabla ya kompyuta hizo, slaidi ilikuwa kwa kawaida kipande cha filamu ya milimita 35 kilichotiwa fremu ya karatasi au plastiki, kikatelezeshwa mbele ya taa ili picha itokee ukutani. Kisha Aprili 1987 ikatoka PowerPoint, kazi ya Robert Gaskins na Dennis Austin katika kampuni ya Forethought huko California. Toleo hilo la kwanza lilitumika kwenye kompyuta za Macintosh na lilitoa kurasa nyeusi na nyeupe za kuchapwa kwenye plastiki angavu. Mwaka huohuo Microsoft ikainunua Forethought kwa dola milioni 14.

Naitaja historia hiyo kwa sababu moja. Chombo hiki kilitengenezewa watu wa ofisini, wenye kikao cha nusu saa na bidhaa ya kuuza. Ndiyo maana ukifungua ukurasa mpya unakuta umeshatengewa kichwa cha habari na vitone chini yake. Mauzo ya mwaka yanaenea vizuri kwenye vitone. Shairi halienei, na insha ndiyo kabisa.

Tofauti kubwa kati ya slaidi na ubao iko kwenye mwendo. Mwalimu akiandika kwa chaki, darasa linaliona neno likizaliwa herufi baada ya herufi: anasita, anafuta kwa dasta, anapigia mstari. Slaidi hufika imeshaiva. Sentensi kumi zinatokea kwa mpigo mmoja, na mwanafunzi anaanza kunakili kabla hujafungua mdomo. Kwa hiyo kazi ya mwalimu anapoandaa slaidi, kwa maoni yangu, ni kuirudishia ule mwendo wa chaki. Mengine yote, rangi, picha na mbwembwe za maneno yanayoingia yakizunguka, yanaweza kusubiri.

Tuanze na sarufi, ambako slaidi inalipa haraka. Chukua upatanisho wa kisarufi. Slaidi ya kwanza ina sentensi moja tu, kwa herufi kubwa:

Kiboko yule mkubwa ametoroka.

Waulize ngeli. Wengi watasema KI-VI kwa sababu wameona *ki-* mwanzoni, halafu *yule* na *ametoroka* zitawakanusha. Usieleze chochote. Bonyeza. Neno *kiboko* linabaki palepale lilipokuwa, halisogei hata nukta, ila yaliyolifuata yanabadilika:

Kiboko kile kikubwa kimevunjika.

Hapo minong'ono huanza. Wa kwanza ni mnyama wa mtoni, wa pili ni ule wa kuchapia. Umbo la nomino ni lilelile, lakini viambishi vya maneno mengine vimehama kutoka A-WA hadi KI-VI. Ukitaka, vipake viambishi hivyo rangi moja, na mizizi iache nyeusi. Siri ya slaidi hizi mbili ni kwamba kilichobadilika ndicho pekee kilichosogea. Ubaoni ungelazimika kufuta na kuandika upya, na wakati unaandika umewapa darasa mgongo.

Kosa la kawaida kwenye sarufi ni kuhamisha jedwali zima la ngeli kutoka kitabuni hadi ukutani. Nimeketi nyuma ya darasa wakati mwenzangu mmoja akifanya hivyo: safu tano, herufi ndogo kama mchanga, jua la saa nane likipenya dirishani lisilo na pazia. Kutoka dawati la mwisho niliona ukuta mweupe wenye vumbi la kijivu. Jedwali la namna hiyo linafaa liwe kwenye karatasi mkononi.

Kwenye fasihi, ushairi ndio unaofaidi zaidi, hasa mizani. Huu hapa ubeti niliotunga kwa ajili ya kipindi cha kidato cha pili:

Ameingia mwalimu, chaki yake mkononi,
Wanafunzi wana hamu, wote macho ubaoni,
Aandika kwa nidhamu, neno moja la thamani,
Umeme umekatika, somo linaendelea.

Ni tarbia, yaani ubeti wa mishororo minne: mizani nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), nane utao (nusu ya pili). Darasa likihesabu mshororo wa kwanza, kuna watakaosema utao una mizani saba, kwa kuwa wamemeza ile *m* ya *mkononi*. Slaidi inayofuata inaukata mshororo vipande, kila silabi ndani ya kisanduku chake: a-me-i-ngi-a-mwa-li-mu, cha-ki-ya-ke-m-ko-no-ni. Ghafla wanaiona *m* imekaa peke yake kwenye kisanduku kama mtu aliyekodi chumba, ilhali *m* ya *mwalimu* imebanana na *w* na *a* katika kimoja. Kanuni hiyo nimeifundisha kwa mdomo miaka mingi na watu wakaisahau kabla ya kengele. Visanduku wanavikumbuka. Kisha vina: paka *mu* rangi moja na *ni* rangi nyingine, mishororo mitatu ya kwanza inajipanga yenyewe, na wa nne unaonekana umejitenga bila wewe kusema lolote.

Picha nazo zina pake. Mtoto aliyekulia bara, mbali na minazi, akisoma kwamba mhusika alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, anaweza kumhurumia mnyama kipindi kizima. Picha moja ya kile kigoda chenye ulimi wa chuma inamaliza shida kwa sekunde mbili. Vivyo hivyo jahazi, vivyo hivyo kata ya kuchotea maji. Na ukitaka darasa lishangae kidogo, waoneshe picha ya mswada wa utenzi wa kale ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Maktaba ya SOAS kule London ina mkusanyiko wa miswada ya Kiswahili. Waambie hicho ni Kiswahili. Hawatakuamini mpaka uwasomee.

Riwaya na tamthilia zinahitaji tahadhari. Slaidi ya maudhui, slaidi ya wahusika, slaidi ya mbinu za uandishi, na mwanafunzi ameshapata kila kitu isipokuwa kitabu. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, humpa dondoo na kumtaka aliweke katika muktadha wake: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Vitone havimsaidii mtu ambaye hajausoma ukurasa huo. Mimi hutumia slaidi kuonesha dondoo peke yake, mistari mitatu au minne, halafu kila mtu anafungua kitabu kuitafuta. Kelele za kurasa zinazofunguliwa ndizo dalili kwamba slaidi imefanya kazi.

Hapo kuna kitufe ambacho walimu wengi hawakijui. Wasilisho la PowerPoint likiwa linaendelea, bonyeza B kwenye kibodi: skrini inakuwa nyeusi. Bonyeza tena, inarudi. Macho yote yanatoka ukutani na kukurudia wewe, au kitabu.

Insha ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu slaidi ni kitu kilichokamilika na uandishi ni kitu kinachokosewa. Ukiwaonesha insha bora iliyong'arishwa, wanaistahi kisha wanaandika ileile ya kwao. Afadhali uwaoneshe sentensi ikihangaika. Chukua mwanzo ambao kila msahihishaji ameshakutana nao:

Ilikuwa siku ya Jumatatu asubuhi na mapema ambapo mimi niliamka nikiwa nimechelewa kwenda shuleni.

Iache dakika nzima. Atatokea mmoja wa kuuliza, mwalimu, kama ni mapema amechelewaje? Slaidi ya pili: *Jumatatu niliamka nimechelewa.* Imepona, lakini bado haina harufu. Ya tatu: *Jumatatu niliamshwa na kengele ya shule.* Hakuna neno "kuchelewa" na kila mtu amejua kachelewa. Baada ya hapo funga wasilisho, fungua ukurasa mtupu, na uandike sentensi ya nne wao wakikupa maneno. Utakosea tahajia mbele yao. Ni sawa.

Jambo moja la kitaalamu, kwa ufupi. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametafiti kwa miaka mingi jinsi watu wanavyojifunza kwa maneno na picha. Mojawapo ya kanuni zake yasema kwamba kumsomea mtu kwa sauti maneno yaleyale yaliyo mbele ya macho yake kunamlemea: jicho linakimbia, sikio linachechemea, na akili inahangaika kuvipatanisha. Kwa hiyo usiwasomee slaidi. Iwe na maneno machache, wewe useme mengine. Ushairi nauweka kando, maana shairi sharti lisikike huku likionekana.

Kuhusu vifaa, mpango wa serikali ya Kenya wa kupeleka vishikwambi katika shule za msingi, ulioanza 2016, ulikuja pia na projekta. Hata hivyo, shule nyingi zina moja inayozunguka madarasa yote kwa zamu, na huenda zamu yako ikaangukia siku ya mvua. Mshororo wa nne wa ule ubeti sikuubuni tu. Nilikuwa kwenye kisanduku cha tano, silabi ya tano ya *Ameingia*, umeme ukazima. Nikachukua chaki, nikachora visanduku vilivyobaki kwa mkono, vimepindapinda, darasa likihesabu kwa sauti.