Yule anayepunga mikono mbele ya orkestra, kazi yake hasa ni ipi?

Kila tukifungua milango ya idara yetu ya muziki kwa wageni kuna swali halikosi: yule mzee anayepunga mikono anafanya nini, mbona wapigaji wote wana nota mbele yao na wanajua kusoma? Na nikisema anaitwa kondakta ndo kabisa wanacheka, maana kondakta sisi tunamjua wa kuning'inia mlangoni. Basi leo nijibu kwa kumchukua Mjerumani mmoja, Kurt Masur.

Alizaliwa 1927 mji wa Brieg, enzi hizo Ujerumani, siku hizi upo Poland. Alijifunza ufundi umeme lakini moyo wake ulikuwa kwenye piano, mpaka alipofika miaka 16 hivi daktari akamwambia mshipa wa kidole kidogo cha mkono wa kulia una hitilafu, na ndoto ya kuwa mpiga piano wa jukwaani ikaishia hapo. Baadae akawa kondakta, na aliongoza bila kile kijiti ambacho makondakta wengi wanashika, mikono mitupu tu.

Sasa, Ujerumani kwa kawaida huanzi kwa kupewa orkestra. Unaanzia chini kabisa kwenye nyumba ya opera, yaani ukumbi wa michezo ya kuigiza inayoimbwa, unapiga piano ya mazoezi. Waimbaji wanajifunza wiki kadhaa bila orkestra, maana kuwalipa wapigaji 60 au 70 wakae wakisubiri mtu mmoja akariri maneno ni hasara tupu, kwahiyo kijana anakaa kwenye piano anapiga peke yake kile ambacho baadae kitapigwa na wote, huku anamkumbusha soprano, yaani mwanamke wa sauti ya juu, hapo umechelewa kuingia, hapo neno umelimeza. Nyumba hizo zipo kama 80 nchi nzima, zamani kila mtawala mdogo alitaka ya kwake, kwahiyo ngazi ya kupanda ipo na ni ndefu.

Masur alianza hivyo Halle mwaka 1948, ikaja Erfurt, Leipzig, Dresden, Schwerin, halafu 1960 akafika Komische Oper, nyumba ya opera ya Berlin Mashariki, kwa mkurugenzi wake Walter Felsenstein, mzee aliyetaka mwimbaji aigize kweli, sio asimame kama mlingoti atoe sauti. Na opera ndo inayompika kondakta. Orkestra ipo shimoni mbele ya jukwaa, waimbaji wapo juu jukwaani, mmoja akiruka mstari mzima kwa woga basi wewe una sekunde moja tu ya kuwarukisha na wapigaji wote wamfuate, na watu waliokata tiketi wasigundue kitu.

Mwaka 1970 akakabidhiwa orkestra ya Gewandhaus ya Leipzig, akakaa miaka 26. Hii orkestra ni ya tangu 1743, mtunzi maarufu Mendelssohn mwenyewe aliiongoza. (Leipzig ndo kulikotoka pia wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893, kwahiyo mji huu sio mgeni sana kwetu.) Ukumbi wa zamani uliharibiwa na mabomu ya vita, Masur akapigania mpya mpaka ukafunguliwa 1981.

Watu wanapenda kumfanya mwanamapinduzi, mimi naona sivyo, serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki, iliyotawala Leipzig enzi hizo, ndo ilimjengea ukumbi huo. Ila Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba 1989 watu kama 70,000 waliingia mitaani Leipzig kuandamana kuipinga serikali hiyo, askari wenye silaha wamejaa mjini, na yaliyotokea Beijing mwezi wa sita, wanajeshi walipowaua waandamanaji, bado yapo vichwani mwa watu. Masur na wenzake watano, watatu wakiwa viongozi wa chama tawala, wakaandika tamko la kuomba utulivu na mazungumzo, na aliyelisoma kwenye vipaza sauti vya mji ni yeye. Haikupigwa risasi hata moja. Jioni hiyohiyo akaingia ukumbini akaongoza konseti kama ilivyopangwa.

Mwaka 1991 akaenda New York Philharmonic, orkestra yenye sifa ya kuwasumbua makondakta, akaweza nayo hadi 2002, na aliongoza pia orkestra za London na Paris. Alifariki Desemba 2015 akiwa na miaka 88.

Tukirudi kwenye swali la wageni, tafuta video yake yoyote, zima sauti, na uangalie ile nusu sekunde kabla violini hazijaanza. Mkono unapanda, anavuta pumzi kama mwalimu wa kwaya, na kwenye huo mpando mmoja wapigaji wameshajua waanze lini, kwa mwendo gani, kwa nguvu kiasi gani. Halafu washa sauti uirudie.